Kiswahili Kinasanifishwa Upya, na Safari Hii Hakuna Kikao

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Mbagala na barua ya posa kwenye simu. "Shikamoo baba mdogo, naomba uipitie kabla sijaenda kuichapisha," akaniambia. Nikaipitia. Haikuwa na kosa hata moja la tahajia, ngeli zilikaa mahali pake, mikato na nukta sawasawa. Lakini ilianza kwa "Natumaini barua hii inawafikia mkiwa katika hali njema," ikaendelea kwa "ninaandika kuonyesha nia yangu ya dhati ya kuomba mkono wa binti yenu," na kwenye aya ya mwisho nikakuta nimetajwa mimi: "mjomba wangu atawasilisha barua hii kwa niaba yangu." Alikuwa ameandikiwa na programu ya akili mnemba, na maelekezo aliipa kwa Kiingereza kwa kuwa anaamini ndivyo inavyoelewa vizuri. Barua ilikuwa inakwenda Tandika, kwa wazee wa Kizaramo. Huko posa haiandikwi na mwoaji kwa kusema "mimi"; inatoka kwa ukoo na inafungua kwa salamu za ukoo. Hakuna anayeomba mkono. Kijana ameona ua katika bustani ya watu, na wazee wake wamekuja kuliulizia. Na mimi si mjomba wake. Mjomba ni ndugu wa mama. Akitajwa yeye mahali pa kusimama upande wa baba, swali la kwanza la wakwe litakuwa ukoo wa baba umekwenda wapi.

Mjadala wa akili mnemba na usalama wa utamaduni wa taifa, kama unavyoendeshwa sasa kwenye makongamano, redioni na vijiweni hapa mjini, hauigusi kabisa barua ya namna hiyo. Upande mmoja wapo wanaoshangilia: mashine sasa zinazungumza Kiswahili, tena fasaha, kwa hiyo lugha yetu imevuka salama. Kila ifikapo tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, furaha hiyo inatangazwa upya. Upande wa pili wapo wenye hofu ya video za kughushi, sauti za viongozi zinazoigizwa na maadili ya kigeni, nao wanataka mlango ufungwe. Naona pande zote mbili zinaangalia pasipo. Hatari iliyo kubwa kuliko zote haina sura ya kigeni, ndiyo maana mlinzi wa mlangoni hawezi kuitambua. Inakuja kwa Kiswahili sanifu chenye adabu, inatupangia upya namna ya kusalimu, ya kuwaita ndugu, ya kuhesabu saa na ya kuwanukuu wahenga, na sisi tunaiamini kama tunavyoiamini kamusi. Huu ni usanifishaji wa pili wa Kiswahili. Ule wa kwanza ulikuwa na kamati. Huu hauna kamati, hauna kumbukumbu za kikao, wala hauna anwani ya kupeleka malalamiko.

Ule wa kwanza unastahili kukumbukwa vizuri. Mwaka 1925 mkutano wa elimu uliofanyika hapa Dar es Salaam uliibua suala la lugha moja ya kufundishia Afrika Mashariki. Mwaka 1928, kule Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi, na Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, pamoja na hazina yake kubwa ya ushairi kikawekwa kando. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa maafisa wa elimu wa kikoloni na wamisionari, katibu wake akiwa Frederick Johnson, na kitabu cha shule kilihitaji idhini yao. Wenye lugha, hasa watu wa mwambao, walilalamika kwa miaka mingi kwamba Kiswahili cha vitabuni kilikuwa kinanuka Kiingereza. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Hata hivyo kamati ile ilikuwa na majina na ofisi. Uliweza kubishana nayo. Ilihamia Nairobi, ikaenda Makerere, ikaenda Mombasa, na mwisho ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, leo TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, pale Chuo Kikuu. Mwaka 1967 Bunge likaunda BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Hesabu miaka: kutoka 1930 hadi wenyewe kukikalia kiti ilipita zaidi ya miaka 30, na hapo tulikuwa tunajua kiti kiko wapi.

Safari hii ni vigumu hata kukionyesha kiti. Programu hizi hujifunza kwa kumeza maandishi, kisha hukisia neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata neno gani. UNESCO inahesabu wasemaji wa Kiswahili zaidi ya milioni 200, lakini mashine haihesabu wasemaji, inahesabu kurasa. Katika kurasa za intaneti zinazokusanywa kufundishia mifumo hii, Kiingereza peke yake kinakaribia nusu. Kiswahili hakifiki hata asilimia 0.1. Na hicho kidogo chenyewe ni cha aina gani? Ni habari zilizotafsiriwa kutoka mashirika ya nje, maandiko ya dini, maelekezo ya bidhaa, na siku hizi kurasa zilizotafsiriwa na mashine zenyewe. Kwa muda watafiti wengi wa tafsiri za lugha za Afrika waliegemea mkusanyo uitwao JW300, uliotokana na machapisho ya Mashahidi wa Yehova, kwa sababu hapakuwa na mkusanyo mwingine wenye wingi ule. Ni kazi iliyofanywa kwa uangalifu, lakini ni tafsiri. Sentensi ilizaliwa kwa Kiingereza ndipo ikavalishwa kanga. Maneno yanayosemwa kwenye mkeka wa msiba Temeke, au kwa dalali wa Kariakoo, au na mama anayemfunda mwari, hayapo humo, kwa sababu hayakuandikwa. Pale Kiswahili chake kinapoishia, mashine hujaza pengo kwa mpangilio wa Kiingereza, maana ndiko ilikosomea. "Uncle" likawa mjomba. Baba mkubwa na baba mdogo wakafutika, na pamoja nao zikafutika taratibu za nani anasimama kwenye posa, nani anaulizwa kwenye mirathi, nani unaweza kumtania na nani huwezi.

Saa nayo iko hivyo hivyo. Siku yetu inaanza na jua. Shahidi akisema aliamshwa na kelele saa nane usiku, kila mtu wa hapa anajua ni usiku wa manane, mji umelala. Mfumo uliokariri saa za Kizungu unaweza kuandika "saa 8" kwa hesabu yao, yaani kwetu saa mbili usiku, wakati watu wamekaa sebuleni wanasikiliza taarifa ya habari. Kati ya saa hizo mbili kuna saa sita, nazo zinatosha kumtia hatiani asiye na kosa au kumtoa mwenye kosa. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na Mahakama ya Tanzania tayari inatumia mfumo wa akili mnemba kunukuu na kutafsiri mienendo ya mashauri. Sisemi kwamba mfumo huo umekosea, na nia yake ni njema, kwa sababu hakimu wetu ameandika kwa mkono miaka mingi mno. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa saa nane usiku ni saa ngapi sasa ni suala la haki, na wanaopaswa kuupima ni wale waliozaliwa nao.

Linaloniuma zaidi ni methali. Sikiliza hotuba za mahafali siku hizi, au za uzinduzi wa vikundi vya kuweka na kukopa, utasikia: "Wahenga walisema, ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kufika mbali nenda na wenzako." Wahenga gani? Msemo huo umezunguka dunia kwa Kiingereza ukiitwa "methali ya Kiafrika", bila kabila, bila kijiji, na mashine inapoombwa methali ya umoja inatuletea huo kwa Kiswahili safi kana kwamba umetoka Pangani. Wakati huo wahenga wetu walishasema kidole kimoja hakivunji chawa. Ndani ya methali hiyo kuna mtu amekaa kizingitini, kichwa cha mwenziwe kiko mapajani, na kucha mbili zinakutana. Kuna maisha ya watu. Msemo ule mwingine hauna mtu ndani yake. Taifa linaloanza kuwanukuu wahenga ambao halikuwa nao limeruhusu kumbukumbu yake ihaririwe, na hakuna kifungu cha sheria kilichovunjwa wakati hilo likitokea.

Nakubali kwamba ipo hoja nzito dhidi yangu. Kiswahili ni lugha ya bandari, kimeishi kwa kupokea. Karatasi na salamu tulizipata kwa Waarabu, meza na gereza kwa Wareno, laki na chapati kwa Wahindi, shule kwa Wajerumani, baiskeli kwa Waingereza. Aliyekuwa analia wakati meza inaingia, leo angekuwa anakula wapi? Hoja hii naiheshimu, na ndiyo inayonizuia kujiunga na wale wa kufunga mlango. Ila tazama maneno hayo yaliingia vipi. Yalipita midomoni mwa mabaharia, wapagazi, wapishi na watoto wa shule, na kila mdomo uliyakunja kidogo mpaka yakakubali irabu mwishoni na ngeli mbele. Mengi yalikataliwa njiani na hatuyajui leo. Kilichoingia kilikuwa neno, na sentensi ilibaki yetu. Sasa maneno yote ni yetu, na sentensi ndiyo ya kukopa: "kuomba mkono" ni maneno mawili ya Kibantu yaliyobeba desturi ya watu wengine. Hakuna mdomo uliolikunja. Limetoka kwenye kompyuta moja na kuingia kwenye simu nyingi kwa siku moja.

Na kupokea kwa hiari tunakujua pia. Mwalimu Nyerere, aliyesema mwaka 1962 alipokuwa akihutubia kama Rais kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa, na akauundia wizara, ndiye huyo huyo aliyekaa na kumtafsiri Shakespeare. Mwaka 1969 tamthilia ya mfanyabiashara wa Venice ikatoka kwa Kiswahili kama Mabepari wa Venisi. Lichukue hilo neno moja, mabepari, ulitazame kwa karibu. Lugha ilikuwa nalo neno mfanyabiashara, ilikuwa nalo tajiri. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, mtafsiri alichagua bepari, tena kwa wingi, na kwa chaguo hilo akawaambia wasomaji wake jinsi anavyoisoma tamthilia nzima. Unaweza kutokubaliana naye, na wapo wasiokubaliana. Lakini kuna mtu wa kutokubaliana naye, mwenye jina, mwenye msimamo, aliyekuwa anaandika akiwa ndani ya historia ya nchi hii. Ukiiomba mashine itakupa neno la wastani, ambalo halimkeri mtu wala halimpi mtu hoja. Shakespeare mwenyewe hakutudhuru, kwa sababu alipita mikononi mwetu.

Huo wastani ndio unaopaswa kututia wasiwasi kuliko picha chafu. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mifumo ya akili mnemba ikifundishwa mfululizo kwa maandishi yaliyotengenezwa na mifumo mingine, inapoteza kwanza yale yaliyo nadra, kisha inabaki inarudia yale ya kawaida. Kwa mhandisi hilo ni tatizo la takwimu. Kwetu, yaliyo nadra ndiyo utamaduni wenyewe: Kimtang'ata cha Tanga na Kimakunduchi cha kusini mwa Unguja, majina ya mitego ya samaki, maneno ya jandoni, vitendawili ambavyo jibu lake unalijua tu kama umewahi kuishi karibu na mkoko. Kwa Kiingereza chenye mabilioni ya kurasa, pembe hizo zitachelewa kukatika. Kwa lugha yenye kurasa kiduchu kama yetu, ambayo kila siku inaongezewa kurasa zilizoandikwa na mashine, mkato unaweza kuonekana ndani ya muda mfupi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya idadi: kwamba lugha yenye watu milioni 200, lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, haiwezi kutikiswa na programu ya simu. Ni hoja inayosemwa kwa kujiamini sana na haina kitu ndani. Iceland haina hata watu 400,000, lakini mwaka 2023 serikali yake ilikuwa imeshakaa na kampuni ya OpenAI kuufundisha mfumo wa akili mnemba wa kampuni hiyo Kiiceland, kwa kutumia watu wake wenyewe kusahihisha majibu. Walifika kwenye meza kwa sababu wana maandishi yaliyopangwa, wanajua nani anayasimamia, na walitaka. Sisi tuna wingi wa vinywa na uhaba wa kurasa. Ensaiklopidia huru ya Wikipedia kwa Kiingereza imepita makala milioni 6. Ya Kiswahili, iliyojengwa kwa jasho la watu wachache wa kujitolea, haifiki laki 2. Kujivunia wasemaji mbele ya mashine inayosoma maandishi ni sawa na kujivunia mifugo isiyokuwa zizini.

Basi tufungie? Sheria tunazo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zote zina kazi yake, na anayeigiza sauti ya mtu ili kumtapeli mjane apelekwe mahakamani bila huruma. Zinachofanya ni kutafuta maudhui mabaya. Barua ya posa ya mwanangu haina ubaya wowote wa kisheria. Unaweza kuisoma kanisani. Wapo pia wanaosema tufungie upande wa pili, tusitoe chochote chetu, kwa kuwa tukitoa tutaibiwa. Hawa nawaelewa zaidi. Wachoraji wa Tingatinga wa pale Oysterbay, warithi wa Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972, wanaona chui na ndege wa mtindo wao wakizalishwa na kompyuta za mbali kwa sekunde chache bila mchoraji yeyote kulipwa. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ina vifungu vya kulinda sanaa za jadi, lakini haikuandikwa kwa ajili ya kitu kinachomeza mtindo bila kunakili picha. Hasira yao ni halali. Tatizo la kufungia ni kwamba mashine haikai kimya inapokosa. Ukiinyima methali itatunga, ukiinyima majina ya ndugu itaweka mjomba, na itasema kwa sauti ile ile ya uhakika.

Kwa hiyo swali la usalama linakuwa swali la ghala na ufunguo. Ghala tunalo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi kwa miongo kadhaa bendi, ngonjera, michezo ya redio, mazungumzo na wazee wa mikoani, matangazo ya mpira, na mikanda hiyo ikarithiwa na TBC. Ni Kiswahili kilichosemwa kabla ya intaneti, na watu waliojifunza lugha kwa bibi zao. Mkanda wa sumaku haupendi joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili mwaka mzima. Kila mwaka unaopita bila kuihamishia yote kwenye mfumo wa kidijitali na kuinukuu kwa maandishi, tunaipa mashine ruhusa ya kukisia.

Kuhusu ufunguo, wapo wa kujifunza kwao, na ni redio vilevile. New Zealand kuna kituo cha Wamaori kiitwacho Te Hiku Media. Mwaka 2018 kiliwaomba wasemaji wajitolee kusoma sentensi, na ndani ya siku 10 kikapata zaidi ya saa 300 za sauti. Wakatengeneza mfumo wao wa kutambua usemi wa Kimaori. Kampuni za nje zilipotaka sauti hizo, wakakataa kuzikabidhi, wakaandika leseni yao inayoiweka jamii kuwa mlezi wa sauti na kusema anayezitumia lazima azitumie kwa faida ya wenyewe. Linganisha na sauti za Kiswahili ambazo maelfu ya vijana wetu walizitoa kwa mradi wa Common Voice wa Mozilla: kazi ya kupendeza, iliyotolewa bure kabisa, ambayo kampuni yoyote duniani inaweza kuichukua bila kumwomba mtu. Sipingi ukarimu huo, umewasaidia watafiti wetu wenyewe. Ila nchi haiwezi kuwa na njia mbili tu, kugawa bure au kuozesha kabatini.

Tukilikubali hilo, kazi za BAKITA na TATAKI zinabadilika. Kutunga istilahi ni kuzuri, ingawa hata jina la kitu hiki halijatulia, Dar es Salaam tukisema akili mnemba na Nairobi wakisema akili unde. Kazi mpya ni kuipima mashine hadharani kila mwaka kama tunavyokagua mizani sokoni: maswali ya ndugu, saa, salamu, methali na lahaja, majibu yasahihishwe na wazee pamoja na wanaisimu, matokeo yachapishwe kwa jina la kila programu. Wizara, shule au halmashauri isinunue mfumo ulioshindwa. Na lugha zetu nyingine zaidi ya 120, ambazo Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitaja kuwa hazina ya kukuzia Kiswahili, zirekodiwe sasa hivi, kwa kuwa kama Kiswahili kinakosa kurasa, Kizaramo kinakosa hata mistari, na sisi wa Kiswahili hatuwezi kudai mbele ya Kiingereza haki tunayowanyima majirani zetu.

Barua ya Tandika tuliiandika upya jioni ile ile. Shangazi yake alikaa kwenye mkeka akawa anasema, kijana anaandika kwa kalamu: salamu za ukoo, majina ya wazee wa pande zote mbili, ua na bustani, na mimi nikarudishwa kuwa baba mdogo. Ilipokelewa vizuri. Ile ya kwanza bado imo kwenye simu yake. Wenzake wawili wa kazini walikuwa wameshaiomba, na ameshawatumia.